Baiskeli Nayo Huanikwa

Je, wajua kwamba baiskeli inayonyeshewa barabarani kila siku inaweza kumaliza kifuku ikiwa nzima kuliko ile iliyofungiwa ndani miezi yote bila kuguswa na tone la mvua?

Fika Puge, kwenye barabara ya Nzega kwenda Tabora, mwezi Februari. Mvua zilianza Novemba na zitaendelea hadi Aprili. Mpunga umesimama majarubani, na udongo mweusi wa mbuga unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Mwenye baiskeli akichoka kuibeba begani badala ya kubebwa nayo, huisukuma hadi stoo ya matofali mabichi, akaiegemeza kando ya magunia na kufunga mlango. Mwezi Mei anaitoa. Cheni imekauka kama fimbo, nati hazigeuki, rimu zina madoa ya rangi ya chai. Atakuapia kwamba mvua haikuigusa, na hasemi uongo.

Kutu haisubiri mvua. Inataka chuma, oksijeni na maji kidogo sana, hata utando mwembamba usioonekana kwa macho. Chini ya utando huo uso wa chuma hugeuka betri ndogo: upande mmoja unaachia elektroni na kuliwa polepole, upande wa pili oksijeni na maji yanazipokea. Kinachobaki ni ule unga mwekundu. Hewa yenye unyevu chini ya asilimia 60 hivi huiacha kazi hiyo ikisuasua. Ukipita asilimia 80, kutu hukimbia.

Alumini nayo hushikana na oksijeni, lakini ngozi inayojitengeneza juu yake hung'ang'ania na kuilinda. Kutu ya chuma haina uaminifu huo. Humeguka, ikaacha chuma kipya wazi, nacho kikaanza kuliwa. Tena hufutuka: nafasi inayochukua ni mara kadhaa ya ile ya chuma kilicholiwa. Ndiyo maana fundi chini ya mwembe anapiga nati kwa nyundo kabla ya kuifungua. Nati haijakaza yenyewe; imeshindiliwa kutu kwenye meno yake.

Lakini maji yameingiaje stoo isiyovuja? Yameingia yakiwa mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 20, hubeba gramu 17 tu. Zilizobaki lazima zitue mahali, na hutua kwenye kitu cha baridi kuliko vyote. Usiku bati la paa hupoa haraka, likatoa jasho upande wa ndani na kudondosha matone. Asubuhi mlango unapofunguliwa, hewa ya nje yenye joto na unyevu huingia na kukuta fremu bado ina baridi ya usiku, nayo fremu inaloa umande ndani ya nyumba. Ongeza sakafu ya udongo inayopumua unyevu mchana kutwa, na ukuta wa tofali bichi ulionyonya mvua kutoka nje.

Hapo ndipo baiskeli ya barabarani inapoizidi ile ya stoo. Ya barabarani ililoa saa tisa, ikapigwa na upepo, na kesho yake jua la saa nne likamaliza kuikausha. Ya stoo haikuloa sana, ila haikukauka. Chuma hakihesabu maji kimemwagiwa kiasi gani. Kinahesabu saa kimekaa nayo.

Kisha tazama majirani zake. Katika wilaya hizi za tumbaku, stoo huwa na gunia la mbolea. Wakulima huziita mbolea za viwandani chumvichumvi, na jina hilo lina elimu ndani yake, kwa kuwa nyingi kati ya hizo ni chumvi kweli na hunywa maji ya hewani. Hata chumvi ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe unyevu ukipita asilimia 75 hivi. Punje chache zikimwagikia cheni, zitaishikia maji siku nzima, na maji ya chumvi hupitisha umeme wa ile betri ndogo vizuri kuliko maji matupu. Baiskeli na mbolea hazilali chumba kimoja.

Udhaifu mwingine umo katika baiskeli yenyewe. Umbo lake tunalolijua, magurudumu mawili yaliyolingana na cheni ya kuvuta la nyuma, lilipata sura yake Uingereza mwaka 1885, mikononi mwa John Kemp Starley wa Coventry. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo huko Belfast. Enzi hizo, kwenye njia ya misafara ya Tabora, mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa anatembea na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Leo baiskeli ya chuma hubeba magunia ya mkaa ambayo wapagazi wawili wangegawana.

Hubeba hivyo huku yenyewe ni nyepesi. Wepesi wake unatokana na mabomba matupu, na utupu huo ndio udhaifu wake. Maji huingia pale nguzo ya siti inapozama, yakateremka hadi kwenye ekseli ya pedali, mahali pa chini kabisa, na kukaa humo na gololi. Kromi ya rimu haishiki kutu, ila ina vitundu vidogo mno, na kutu huanzia chini yake. Tairi lililoishiwa upepo hukunjika chini ya uzito na kupasuka pale pale.

Dawa imo humu humu Tabora, nchi ya miombo na nyuki. Nta haipitishi maji. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, changanya na oili safi kidogo ya mashine, paka utando mwembamba kwenye fremu na nati, usiguse mahali breki inapobana. Cheni ipate oili peke yake. Mafuta ya kupikia yataganda yakawa gundi, na oili chafu ya gari ina asidi na vumbi la chuma. Usiifunike baiskeli kwa nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani. Itundike kwenye boriti, mbali na ukuta, ukiwa umejaza upepo.

Lakini vyote hivyo ni bure ikiingia stoo ikiwa mbichi. Hakuna mkulima wa Puge anayefunga gunia la mpunga uliotoka kukatwa. Atauanika, augeuze, aume punje asikie inavyolia, hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 14 hivi. Baiskeli inataka heshima ileile. Sugua tope, chomoa siti, ipindue kichwa chini, iache juani hadi saa kumi. Na kifuku kikiendelea, kila siku ya jua itoe nje uianike kama mpunga.