Kimbunga kilipopita, jasho la kibarua lilipotea

Septemba 2013 Serikali ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa waliodaiwa kuwa wahamiaji haramu. Maelfu walirudishwa Rwanda na Burundi, wakiwamo walioishi nchini miaka mingi na kuoa Watanzania. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch liliripoti vipigo, uporaji wa mali na familia kutenganishwa.

Mfugaji anayekimbia huuza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Kibarua asiye na kibali huogopa kudai ujira wake.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu wa 1981 unakataza kufukuza watu kwa makundi kwa sababu ya taifa au kabila lao. Mkulima naye ana wajibu: kazi ikiisha, alipe siku hiyo hiyo.