Pima Jiwe Kwanza, Ndipo Umpime Mtu

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 walibeba mizigo ya kilo 30 hivi, mara nyingi pembe za ndovu begani, kwa mwendo wa kilomita 800 hivi. Hakuna aliyewapima namna walivyojimudu. Swali hilo lilikuja kuulizwa na wanasayansi baadaye sana, nchini Kenya. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake walieleza kwamba wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu waliozoea kubeba mizigo waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Mwaka 1995 watafiti walioongozwa na mmoja wa wenzake hao, Norman Heglund, waliwapitisha wanawake kama hao juu ya mabamba yanayopima nguvu ya nyayo, wakaona kwamba siri ilikuwa katika mwendo wenyewe: mwili ulipokuwa ukipanda na kushuka kwa kila hatua, nishati iliyopotea ilipungua.

Hitimisho kubwa namna hiyo lilisimama juu ya bamba. Kama bamba lingedanganya, habari yote ingeanguka. Leo mabamba ya aina hiyo, na ndugu zake wa bei nafuu, hutumika kupima wazee walio katika hatari ya kuanguka na wagonjwa wanaopona kiharusi. Kwa hiyo inafaa kujua usahihi wake hupimwaje.

Mwili wa binadamu hautulii hata anaposimama wima. Macho, sikio la ndani, misuli na nyayo hupashana habari bila kukoma, na mwili huyumba kidogo kidogo, milimita kadhaa huku na huku. Bamba la kawaida lina vihisi vinne, kimoja kila pembe. Kila kihisi husoma uzito unaokielemea, na kompyuta hukokotoa mahali uzito wote ulipoegemea, kisha huchora njia ambayo nukta hiyo imepita. Njia ikiwa ndefu katika sekunde 30, mtu huhesabiwa kuwa anayumba zaidi.

Chukua bamba ambalo vihisi vyake vimeachana sentimita 50 kila upande. Weka jiwe la mizani la kilo 20 katikati kabisa: kila kihisi kinapaswa kusoma kilo 5. Lisogeze sentimita 10 kulia: viwili vya kulia vinapaswa kusoma jumla ya kilo 14, na viwili vya kushoto kilo 6. Sasa rudisha jiwe katikati, na tuseme kihisi kimoja cha kulia kinazidisha kwa asilimia 5. Skrini itakuonyesha kwamba jiwe limesogea milimita 3 kulia, ingawa halijaguswa. Kwa mizani ya gunia kosa hilo lingekuwa dogo. Kwa kipimo cha mwili unaoyumba milimita chache, ni kubwa.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anazijua mizani zinazohakikiwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe ya uzito unaojulikana. Bamba linahitaji uhakiki wa kina zaidi, kwa kuwa halitoi uzito tu bali na mahali. Jiwe hilohilo huwekwa katikati, kwenye pembe na kandokando, na kila mara majibu hulinganishwa na hesabu. Kisha hupimwa mwendo: pendulo ambayo kasi na upana wa bembea yake vinajulikana huwekwa juu ya bamba, ili ionekane kama bamba linaufuata mwendo au linachelewa.

Kipimo kinachofichua mengi zaidi ni rahisi kuliko vyote. Acha jiwe juu ya bamba kwa sekunde 30 na usome urefu wa njia yake. Jiwe haliyumbi, lakini skrini itachora mstari, kwa sababu vihisi vina mtetemo wao wa umeme. Urefu huo ni uongo wa kifaa, na utaongezeka kadiri kifaa kinavyosoma mara nyingi zaidi kwa sekunde. Ndiyo maana huwezi kulinganisha urefu wa njia uliopimwa na kifaa cha Tabora na ule wa kifaa cha Dar es Salaam kama mipangilio yake haifanani.

Vifaa vya bei nafuu si vya kudharauliwa. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walilinganisha ubao wa michezo wa Nintendo, Wii Balance Board, na bamba la maabara, na majibu yakakaribiana vya kutosha kuonyesha kwamba ubao huo unafaa kupimia kusimama. Lakini matokeo yale yaliuhusu ubao uliopimwa. Ubao uliozeeka, uliowekwa juu ya sakafu isiyo sawa au uliokaa juani unahitaji kupimwa upya.

Kwa mhudumu wa tiba ya viungo, utaratibu ni huu: kila asubuhi pima jiwe, andika jibu daftarini, halafu mpime mgonjwa mara tatu kwa mkao uleule wa miguu. Mabadiliko ya mgonjwa yakiwa madogo kuliko tofauti za jiwe au za marudio yake mwenyewe, usimwambie amepona wala amezidiwa. Mwambie bado hujui, na umpange siku nyingine ya kupimwa.