Nuru ya Infraredi na Ukataji wa Molekuli

Tangu zama za kale mkemia hana nyenzo kubwa kuliko moto: akitaka vitu viwili vitendane huvipasha, na apashapo huzitikisa molekuli zote pamoja na vifungo vyao vyote pasi na kubagua, hata vile ambavyo angependa visalimike. Ndiyo maana Kumar Patel alipounda leza ya gesi ya kaboni dioksidi mwaka 1964 huko Marekani, ikatoa nuru ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa takriban maikromita 10.6, tamaa kubwa iliwaingia wataalamu. Maadamu kila kifungo baina ya atomi mbili hutetemeka kwa kasi yake mahsusi, na kasi hizo zaoana na nuru ya infraredi, kwa nini mtu asichague nuru iafikianayo na kifungo kimoja tu, akakikata hicho na kuviacha vingine salama?

Kwa rai yangu, tamaa hiyo iliyatangulia mno maumbile. Nishati itiwayo katika kifungo kimoja haikai hapo. Katika molekuli yenye atomi nyingi huenea kote, aghalabu kwa muda wa pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni ya sekunde, mithili ya maji yaliyomwagwa pembeni mwa ngalawa, na hatimaye kinachokatika ni kifungo kilicho dhaifu kuliko vyote, kile kile ambacho moto ungekikata.

Walakini leza haikushindwa kabisa. Katikati ya miaka ya 1970, kundi la Vladilen Letokhov huko Urusi, na wenziwe wa Los Alamos nchini Marekani, waliielekeza kwenye gesi ya salfa heksafloridi. Fotoni moja ya infraredi ni hafifu, na kuing'oa atomi moja ya florini kwahitaji zaidi ya 30, lakini mpigo wa leza ukiwa mkali, molekuli huzimeza moja baada ya moja hadi ikapasuka. Molekuli zenye salfa-32 hutetemeka kwa kasi iliyo mbali kidogo na ya zile zenye salfa-34. Leza ikilinganishwa na za kwanza, ndizo zivunjikazo, na gesi isaliayo huwa imesheheni salfa-34. Isotopu hizi kwa tabia za kikemia ni kama pacha, na moto hauzitambui. Hapa nuru haikuchagua kifungo, bali ilichagua molekuli, na hilo si jambo dogo.

Kifungo chenyewe kilichaguliwa baadaye, katika maji ambayo hidrojeni yake moja ni ya kawaida na ya pili ni nzito. Kundi la Richard Zare huko Stanford lilionyesha mwaka 1991 kwamba kifungo kilichotangulia kutetemeshwa na leza, kiwe cha hidrojeni nyepesi au cha nzito, ndicho hasa kikatwacho na atomi ya hidrojeni ijayo kwa kasi. Kwani molekuli ni ndogo, mitetemo yake miwili imeachana mno, na nishati haina pa kukimbilia.

Basi msomaji, ukiambiwa kuwa leza yaweza kukata kifungo chochote kile, uliza kwanza molekuli hiyo ina atomi ngapi.