VITABU VYA KWETU VIKAE KWETU

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Hongera. Sasa jiulize swali moja: leo jioni utasoma nini?

Pengine nyumbani kwako kuna kitabu kimoja cha kisomo, kadi ya kliniki ya mtoto, na kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Ukivimaliza hivyo, huna kingine. Jembe lisilolima hushika kutu. Kusoma nako ni hivyo hivyo. Mtu asiyepata cha kusoma husahau kusoma.

Nchi yetu inalijua jambo hili. Mwaka 1967, zaidi ya watu wazima 60 katika kila 100 hawakujua kusoma. Watu wakaingia madarasani, chini ya miti, makanisani, misikitini na majumbani. Hesabu za serikali za mwaka 1986 zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini baadaye wengi walisahau walichojifunza, maana hawakuwa na vitabu.

Dawa yake ni maktaba. Maktaba si lazima iwe jumba kubwa. Kabati moja lenye vitabu 50, mtu mmoja wa kuvitunza, na daftari moja la kuandikia, hiyo tayari ni maktaba. Katika makala hii tutaeleza jinsi kijiji kinavyoweza kuianzisha kwa vitabu vya kutolewa bure. Tutasema hasa juu ya vitabu vya kwetu, yaani vilivyoandikwa na watu wa Kanda ya Ziwa, au vinavyoeleza maisha ya huku.

MZEE ALIYESUBIRI MIAKA 35

Kwanza sikiliza habari ya mzee mmoja wa Ukerewe. Jina lake ni Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896. Alisoma shule za misheni, na alipenda sana kuandika. Aliona kwamba mila na maarifa ya Wakerewe yanapotea. Wazee wanakufa, na wanayoyajua wanazikwa nayo. Akaamua kuyaandika.

Alitunga hadithi ndefu kwa lugha ya Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945. Hadithi hiyo inamhusu Bwana Myombekere na mkewe, Bibi Bugonoka. Walipendana, lakini hawakupata mtoto. Wakwe wakamchukua binti yao. Myombekere akafanya kazi ya kumrudisha mke wake, na kutengeneza pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe. Baadaye walipata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Ndani ya hadithi hiyo mna kilimo, uvuvi, dawa za miti, adabu za kumpokea mgeni, na namna watu walivyoishi zamani kisiwani.

Lakini nani atakichapa? Wachapaji hawakutaka kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache. Mzee Kitereza hakukata tamaa. Alikaa chini akaitafsiri hadithi yote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe. Kitabu kilichapwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House. Tangu 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Mzee alifariki mwaka 1981. Hakuwahi kukishika kitabu chake mkononi.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Kwa miaka 35 kazi hiyo ilikuwa karatasi tu. Paa lingevuja usiku mmoja, au mchwa wangeingia sandukuni, tusingekuwa na kitabu hicho leo. Je, ni karatasi ngapi za wazee wetu wengine zimekwisha kuliwa na mchwa?

Tena kuna jambo jingine. Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Mtu wa Ulaya anaweza kukisoma kwa lugha yake. Je, kijijini kwako kuna nyumba ngapi zenye kitabu hicho?

VITABU VYA KWETU NI VINGI

Kitereza hayuko peke yake. Euphrase Kezilahabi naye alizaliwa Ukerewe, mwaka 1944. Kitabu chake Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971. Kinaanzia kijiji cha Namagondo, huko huko Ukerewe. Alitunga pia Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, na Gamba la Nyoka, pamoja na mashairi. Alifariki mwaka 2020.

Gabriel Ruhumbika pia ni mtu wa Ukerewe. Aliandika Miradi Bubu ya Wazalendo, kilichotoka mwaka 1992. Ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, mwaka 2002.

Tuvuke ziwa twende Mara. Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare, mtunzi wa Uingereza. Aliiita Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Hao ni wanne tu. Tena vipo vitabu vidogo vya kisomo vilivyotumika Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1968 na kuendelea. Vilifundisha kusoma pamoja na kilimo cha pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Kama mama yako au babu yako bado anacho kimoja, usikiwashie moto. Hicho ni mali ya historia.

KAMATI KWANZA, VITABU BAADAYE

Sasa tuingie kazini. Watu wengi huanza kwa kuomba vitabu. Wakivipata hawajui pa kuviweka. Vinalundikwa ofisini mpaka vinaoza. Msifanye hivyo. Anzeni hivi:

1. Lipelekeni jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Likubaliwe na wote, na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

2. Chagueni kamati ya watu watano. Wawemo wanawake, na awemo mwalimu mmoja. Awemo pia mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, maana yeye ndiye anayejua shida ya msomaji mpya.

3. Tafuteni mahali. Chumba cha shule kinafaa, au chumba katika ofisi ya kijiji. Kiwe kikavu, kisivuje, na kiwe na mlango wenye kufuli. Kisiwe karibu na ghala la mazao, maana panya wakimaliza mahindi huhamia kwenye karatasi.

4. Mwombeni fundi seremala wa kijijini atengeneze kabati. Msililaze ukutani. Liacheni mbali na ukuta kiasi cha kiganja kimoja, hewa ipite. Miguu ya kabati iwekeni ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo. Mchwa hawatapanda.

5. Mchagueni mtunza maktaba. Awe mwaminifu, mpole, na mwenye mwandiko unaosomeka.

NANI ATATOA VITABU?

Usiseme, "Sisi ni maskini, hatuna wa kutupa." Hebu tupige hesabu.

Tuseme kijiji kina kaya 300. Kaya moja katika kila kaya 10 ikitoa kitabu kimoja, mtapata vitabu 30. Tena tuseme watoto 20 wa kijiji hicho wanafanya kazi mjini. Kila mmoja akileta vitabu viwili anapokuja likizo, mtapata vitabu 40. Jumla ni vitabu 70. Kila kitabu kikiazimwa mara mbili kwa mwezi, watu watakuwa wamesoma mara 140 katika mwezi mmoja. Huo ndio utajiri wa kushirikiana.

Waandikieni barua watu wa kwenu walioko mjini. Barua iwe fupi, na iseme wazi mnachotaka. Kwa mfano:

"Ndugu yetu, salaam. Sisi wazima, tunatumaini nawe hujambo. Kijiji chetu kimefungua maktaba ndogo katika chumba cha shule. Kabati tunalo, na mtunzaji tunaye. Tunatafuta vitabu vya Kiswahili, hasa vilivyoandikwa na watu wa huku kwetu. Tunaomba utuletee vitabu viwili utakapokuja. Jina lako litaandikwa katika daftari la maktaba. Ni sisi ndugu zako, Kamati ya Maktaba."

Tena msisahau kupata ushauri. Tunayo Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mjini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwanza mjini iko maktaba ya mkoa. Mmoja wenu akienda mjini kwa shughuli zake, apite pale aone jinsi vitabu vinavyopangwa, na aulize maswali. Kuuliza si ujinga.

SI KILA ZAWADI NI YA KUPOKEA

Atakuja mtu na gunia la vitabu. Mshukuruni. Kisha fungueni gunia mtazame. Vingine vitakuwa vimechanika, kurasa hazipo. Vingine vitakuwa vya lugha ambayo hakuna aijuaye kijijini. Vingine vitakuwa vya dawa za mimea au mifugo vilivyopitwa na wakati, na vinaweza kumdhuru atakayevifuata.

Msiviweke tu kwa kuwa ni bure. Kabati likijaa vitabu visivyosomwa, msomaji atakuja mara moja tu, hatarudi tena. Mwambieni mtoaji kwa heshima: "Hivi vitatufaa. Hivi havitatufaa, labda shule ya sekondari itavihitaji." Mtu mwenye nia njema hatakasirika.

Kila kitabu mnachokipokea, kiandikeni katika daftari. Andikeni namba yake, jina la kitabu, jina la mwandishi, jina la mtoaji, na tarehe. Namba hiyo hiyo iandikeni ndani ya kitabu, ukurasa wa kwanza. Katika mkutano wa kijiji, someni majina ya watoaji mbele ya watu. Anayeshukuriwa hutoa tena.

KUAZIMA NA KURUDISHA

Wekeni daftari la pili kwa ajili ya kuazima. Andikeni nani amechukua, kitabu namba gani, lini amechukua, na lini atarudisha. Wiki mbili zinatosha. Anayetaka kuendelea, aje aandikwe upya.

Je, kitabu kikipotea? Msikimbilie kumtoza mtu faini kubwa. Ataogopa, na wengine wataogopa pia. Afadhali alete kitabu kingine, au afanye kazi ya maktaba, kama kupiga lipu ukuta au kushona majalada yaliyofunguka. Lakini kanuni iwe moja kwa wote. Mwenyekiti wa kijiji akichelewesha kitabu, naye aambiwe.

Wapo watakaosema, "Tuvifungie vitabu visiharibike." Ndugu msomaji, kitabu kilichofungiwa kimekwisha kuharibika. Kitabu kinachakaa kwa kusomwa, kama jembe linavyochakaa kwa kulima. Huko si kuharibika. Kinachofaa ni kunawa mikono kabla ya kukishika, kukifunika kwa karatasi ya khaki, na kutokikunja.

KITABU AMBACHO HAKIJAANDIKWA

Katika kabati lenu, acheni rafu moja. Rafu hiyo ni ya madaftari.

Kijijini kwako yupo mzee anayejua majina ya pepo zote za ziwani, na ni upepo gani wa kuogopa. Yupo bibi anayejua jinsi mbegu za zamani zilivyohifadhiwa. Yupo anayejua kijiji kilianzaje, na jina lake lina maana gani. Hayo hayamo katika kitabu chochote. Yamo kichwani mwao tu.

Wewe unajua kuandika. Chukua daftari na kalamu, nenda kwa mzee huyo jioni. Mwombe ruhusa kwanza. Andika anavyosema yeye, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Usiongeze yako. Mwisho msomee ulichoandika, naye akusahihishe. Andika jina lake, jina lako, jina la kijiji, na tarehe. Kisha nakili mara ya pili. Daftari moja likae maktaba, la pili likae nyumba nyingine. Moto hauchomi nyumba mbili zilizo mbali kwa siku moja.

Mzee Kitereza alisubiri wachapaji miaka 35. Wazee wenu hawana haja ya kusubiri mchapaji. Daftari likiwekwa rafuni leo, kesho mjukuu wao atalisoma, nao wenyewe wakiwa hai wa kumsikia.

Ndugu msomaji, kazi hii haingoji fedha nyingi. Inangoja mtu wa kuisema katika mkutano ujao. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani wana vitabu ambavyo hawavisomi tena?

2. Ni chumba gani kinafaa kuwa maktaba? Kinahitaji kutengenezwa nini?

3. Mtu akipoteza kitabu, tumfanyeje?

4. Tutajeni wazee watatu ambao maarifa yao hayajaandikwa. Nani ataanza kwenda kwao, na lini?