Macho Yetu Kazini: Si Kila Asiyeona Vizuri ni Kipofu



Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, mama mmoja mchumaji alikatwa malipo mwezi baada ya mwezi. Kila kikapu chake kilipofika kwenye mizani, nyapara alikuta majani magumu yamechanganyika na machanga, akamwandikia uvivu. Mama huyu amechuma chai zaidi ya miaka ishirini. Wajumbe wa tawi tulipokaa naye tuligundua kuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano, wala kusoma tarakimu za kadi yake mpaka anyooshe mkono aiweke mbali. Hakuwa mvivu. Macho yake yalikuwa yamebadilika, na hakuna aliyemwambia kwamba hali hiyo ni ya kawaida na inatibika.

Kwa ajili hiyo tumeona tueleze aina za upungufu wa macho, ili kila mmoja wetu ajue lake.

Tuanze na kipimo. Hospitalini utasimamishwa mita 6 mbele ya ubao wenye herufi, au alama kwa wasiojua kusoma. Ukiandikiwa 6/18, maana yake ni kwamba kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 18, wewe hukioni mpaka ukisogelee mita 6. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye hata jicho lake lililo bora halifikii 6/18 ana upungufu wa kati. Asiyefikia 6/60 ana upungufu mkubwa. Asiyefikia 3/60 ndiye anayehesabiwa kipofu. Basi kati ya kuona vizuri na upofu pana ngazi nyingi.

Aina ya kwanza ni macho yanayohitaji miwani tu. Wako wanaoona vitu vya karibu lakini vya mbali ni ukungu, na wako walio kinyume. Tena yako macho ya umri. Kuanzia karibu miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu, na vitu vya karibu vinafifia. Sisi tuliofika umri huo tunajua. Hii ndiyo iliyompata mama yetu. Huko Assam, India, wachumaji chai wa miaka 40 na zaidi walipimwa, nusu wakapewa miwani ya kuonea karibu kwanza. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wenye miwani waliwazidi wenzao katika ongezeko la uchumaji kwa karibu asilimia 22. Kwa hiyo mwajiri anayemkata mshahara mtu wa namna hii badala ya kumpatia miwani anajipunja hata yeye mwenyewe.

Aina ya pili ni mtoto wa jicho. Lenzi inaingia ukungu, mwisho mboni inaonekana nyeupe. Ugonjwa huu hauondoki kwa miwani wala kwa dawa ya matone. Dawa yake ni upasuaji mdogo, na wengi hurudi kuona.

Aina ya tatu ni ile ambayo kilichopotea hakirudi. Presha ya macho mara nyingi haiumi. Inaanza kula kuona kwa pembeni, na mtu hajui mpaka amechelewa. Dawa huzuia isiendelee, haimrudishii alichopoteza. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, na kila aliyepita miaka 40, akapimwe. Mwenye kisukari naye apimwe kila mwaka. Kwa ndugu zetu wa Kongo wanaofanya kazi karibu na mito iendayo kasi, wadudu wa usubi bado wako: msikatae vidonge vya ivermektini vinapogawiwa.

Aina ya nne ni majeraha ya kazi. Jani la muwa likikwaruza jicho linaweza kuingiza ukungu wa mimea, na kidonda kikaacha kovu jeupe mbele ya mboni. Mchomeleaji asiye na kinga anafanya kazi mchana salama, usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Dawa ya kunyunyizia mimea ikiruka machoni, osha pale pale kwa maji safi mengi yasiyopungua dakika 15, ndipo uende hospitali. Kipande cha chuma kikiingia, usifikiche, usikichokoe. Maziwa, mkojo, majani yaliyotwangwa na matone ya dukani yasiyoandikwa na daktari vimeharibu macho ambayo yangepona.

Sasa haki zetu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umewekwa katika ile ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu. Kwa hiyo miwani ya kinga si zawadi, na isikatwe kwenye mshahara.

Tunajua wengi wanaficha macho yao kwa kuogopa kufukuzwa. Lakini anayeficha presha ya macho anaipa nafasi, na anayeficha jeraha anapoteza ushahidi wa fidia. Mwambie mjumbe wako siku ile ile, liandikwe kwenye kitabu cha ajali, nawe ujue limeandikwaje.

Kila tawi lidai mambo matatu: upimaji wa macho kwa wote waliopita miaka 40, kinga na maji ya kuoshea mahali pa kazi, na ahadi ya maandishi kwamba cheti cha macho hakitakuwa barua ya kufukuzwa kazi, bali mtu atafutiwe kazi anayoiweza.

Yule mama sasa ana miwani, na kikapu chake hakirudishwi. Fedha alizokatwa bado hajalipwa. Hilo tunaendelea kulidai.