Sura ya Tano: Nyumba Yako Ina Dari?

Mtu akiniuliza kaske gani bora, humuuliza kwanza kama nyumba yake ina dari. Wengi hucheka, wakidhani nakwepa swali. Lakini hapa Bukavu mvua huanza Septemba na haituachi mpaka Mei, na katika nyumba nyingi zilizopandiana kwenye milima ya Kadutu na Bagira, bati ndilo paa na ndilo dari. Mvua ya alasiri ikishuka, mke na mume waliokaa kiti kimoja hawasikilizani. Ikikatika, umeme nao umekatika, na jenereta ya jirani inachukua zamu.

(Neno lenyewe kwanza. Dar es Salaam wangesema hedifoni, na vitabu vya shule vingeandika vipokea sauti vya kichwani. Sisi tunasema kaske, tulivyoisikia kwa Kifaransa, na sitajifanya mtu wa pwani.)

Ndani ya kila kikombe cha kaske kuna kiwambo chembamba, koili na sumaku. Kiwambo kikitikisika husukuma hewa pande mbili: mbele kuelekea sikio, na nyuma. Hiyo hewa ya nyuma ndiyo inayogawa kaske zote za gharama. Sennheiser walipotoa HD 414 mwaka 1968 waliiacha ipite, mgongo wazi, na sauti ikatoka kama imesimama chumbani badala ya kubanwa kichwani. HD 600 ya mwaka 1997 ni mjukuu wake, na kwa sauti ya mtu sijasikia iliyo kweli zaidi kwa bei yake. Ila mlango unaotoa hewa ndio huohuo unaoingiza mvua. Chini ya bati, HD 600 ni pesa iliyolowa. Kaske iliyofunikwa hulipa kwa mwangwi kidogo wa ndani ya kikombe, lakini inakuachia unachosikiliza.

Mwaka jana mtangazaji mmoja wa redio alinijia na dola mia mbili na swali lilelile. Huu ni mji wa redio. Radio Maendeleo ilianza kusikika 1993, Okapi ilifuata 2002, na msikilizaji wa kawaida ana kiredio cha betri kisicho na besi ya kujivunia. Nikaazima kaske tatu nikazipanga mezani: Sony MDR-7506, Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohmu 80, na hiyo HD 600. Akachomeka ya kwanza kwenye simu, kisha ya pili, kisha ya tatu. Hakuchukua dakika mbili.

“Papa, hii Sony inazishinda zote.”

Sony ilikuwa inapiga kwa nguvu zaidi, basi. Hilo ndilo kosa kubwa katika kazi hii, na wauzaji wanalijua: sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, huipenda iliyo juu kidogo na kuiita safi. MDR-7506 ina ukinzani wa ohmu 63, HD 600 ohmu 300. Volti moja ikiingia kwenye ohmu 63 hutoa miliwati 16 hivi; kwenye ohmu 300 hutoa miliwati 3 na kitu. Simu haina volti za kugawa, kwa hiyo kaske ya ohmu nyingi hunong'ona na watu huihukumu kuwa hafifu. Ongeza bei ya amplifaya ndogo kabla ya kusema umemudu HD 600.

Tukasawazisha kwa njia ya nyumbani. Kipande cha katoni kikatobolewa tundu moja, maikrofoni ya simu ya pili ikawekwa chini yake, na kila kaske ikalazwa juu huku ikipiga mchakarisho uleule, kama wa redio isiyokamata stesheni. Tukapandisha na kushusha mpaka kipimo kikawa sawa, tofauti isizidi desibeli moja. Alipovaa tena, alinyamaza muda mrefu.

Kisha akasema DT 770 haina besi. Mimi naijua kaske hiyo. Besi inayo ya kutosha. Nikamtazama vizuri. Alikuwa na suka nene zilizoshuka mbele ya masikio, na mto wa kikombe ulikuwa umekalia suka, si ngozi. Besi inahitaji hewa iliyofungwa. Upenyo wa unene wa penseli unatosha kuimwaga yote. Alipozirudisha suka nyuma ya masikio, macho yakamtoka. Mikono ya miwani hufanya vilevile, na kilemba pia. Nimesoma maelezo mengi ya kaske hizi kutoka Ulaya na sijawahi kuona anayeuliza msikilizaji amesukwa vipi.

Baada ya hapo tukasikiliza alichokuja kukitafuta: sauti yake mwenyewe ikisoma habari. Kiswahili kimejaa *s* na *sh*, na herufi hizo hukaa kwenye ncha ya juu ya sauti, ambako DT 770 hupenda kuinua. Kila “mashirika” ilimchoma. Mhariri wa sauti mwenye kaske ya namna hiyo hufyeka ncha ya juu ili apumzike, na kwenye kiredio cha betri huko Walungu sauti inafika imezibwa, kama mtu anayesomea ndani ya blanketi. Sony nayo ni kali, si kidogo, lakini aliivumilia. HD 600 haikumchoma hata kidogo.

Kabla hajafungua pochi nilimtaka afanye jaribio moja ambalo halina gharama. Chukua sauti ya mtu mmoja, iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja, uisikilize kwa masikio yote mawili. Lazima isimame katikati ya kichwa. Niliwahi kununua kaske iliyotumika ambayo sauti yake ilitawanyika kisogoni kama moshi. Fundi aliyeilehemu waya alikuwa amegeuza nyaya za upande mmoja, kiwambo kimoja kinasukuma kingine kinavuta. Dakika tano za kulehemu upya, ikapona. Ila sauti ikitawanyika kwa sababu kaske ni nakala bandia, haina dawa hiyo. Na hapa petu, ambapo spea husafiri mbali, kaske ambayo mito na waya wake hubadilishwa kwa mkono ina thamani kuliko tarakimu yoyote ya kwenye boksi. HD 600 inashinda hapo, waya wa Sony unahitaji fundi.

Akaishika HD 600 mapajani, akiipiga hesabu. Nje kulikuwa kumeshakuwa kweusi upande wa ziwa.

“Chumba chenu cha kuhariri,” nikamuuliza, “kina dari?”

Akaiweka chini, akavuta Sony.