Viwavi waandamanao: msafara usioguswa

Watu wa Afrika Mashariki waishio London huenda wamewahi kuona matangazo ya onyo katika bustani za mji huo, yakiwataka wapita njia wasisogelee viota vya viwavi vilivyo kwenye miti ya mialoni. Onyo hilo si la kupuuzwa. Nondo wa mwaloni, ambaye viwavi wake hutembea kwa maandamano, aligunduliwa magharibi mwa London mwaka 2006. Aliletwa na miti michanga iliyoagizwa kutoka bara la Ulaya. Juhudi za kumtokomeza kabisa zilishindikana, na sasa lengo la mamlaka ni kumzuia asienee zaidi nchini Uingereza.

Nondo mwenyewe hana madhara. Ni mdudu wa rangi ya kijivu na hudhurungi, arukaye usiku wakati wa kiangazi na kuishi siku chache tu. Madhara yako kwa watoto wake. Viwavi huanguliwa mwezi wa Aprili, hula majani ya mwaloni, na ifikapo Mei na Juni huonekana wakipanda na kushuka shina, kichwa cha mmoja kikiugusa mkia wa mwenzake. Ndugu zao wa msonobari, walio wengi kusini mwa Ulaya na Afrika Kaskazini, hufuatana mmoja mmoja kama uzi. Hao hula wakati wa baridi, na kuelekea majira ya kuchipua hushuka mtini kwa msafara kwenda kujifukia ardhini.

Mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa, Jean-Henri Fabre, aliwachunguza viwavi wa msonobari kwa uvumilivu ambao ni wachache wanao. Mwishoni mwa Januari 1896 aliuona msafara ukipanda mtungi mkubwa wa maua na kuanza kuuzunguka ukingo wake. Duara lilipokamilika, Fabre aliwaondoa viwavi waliokuwa bado wanapanda, kisha akaifuta njia ya hariri waliyopandia. Basi hapakuwa tena na wa kwanza wala wa mwisho. Kila mmoja alikuwa na wa kumfuata. Walizunguka kwa muda wa siku saba, wakisimama usiku kwa ajili ya baridi na kuendelea kulipokucha, ilhali chakula chao hakikuwa mbali. Siku ya nane ndipo walipofanikiwa kushuka.

Kisa hicho kimependwa sana na wahubiri na wachambuzi wa siasa. Mimi, niliyehariri habari za siasa nyumbani na ugenini, nakiri kwamba kishawishi ni kikubwa. Lakini kiwavi anaonewa. Porini hakuna njia iliyo duara kamili kama ukingo wa mtungi. Kumfuata mwenzake ndiko kunakomrudisha kiotani, na wakiwa wengi kiotani hupashana joto na kuustahimili usiku wa baridi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha pia kwamba kinachoushikilia msafara hasa si uzi wa hariri, kama alivyodhani Fabre, bali ni mguso wa vinywele vilivyo kwenye ncha ya mwili wa aliye mbele.

Hatari kwa binadamu nayo iko kwenye vinywele, ila si vile virefu vionekanavyo kwa macho. Vinavyodhuru ni vidogo mno, havifikii hata nusu milimita, vina miiba kama chembe ya mshale, na vimebeba protini iitwayo thaumetopoeini. Kiwavi akishtuka huvimwaga kwa maelfu, na upepo huvipeperusha. Aliyewahi kupukutikiwa na upupu shambani anaijua nusu ya adha hiyo. Ngozi huwasha na kutoka vipele, macho huwa mekundu, koo hukereketa, na wenye pumu waweza kubanwa kifua. Mbwa anayemlamba kiwavi aweza kuharibika ulimi hata sehemu yake ikafa. Isitoshe, vinywele hubaki na ukali wake ndani ya viota vikuukuu kwa miaka.

Kwa hiyo mtoto asiachwe achokoe kiota kilichoanguka, hata kikionekana kikavu na kitupu. Aliyeguswa asijikune wala kujisugua; aoshe mwili kwa maji mengi, abadilishe nguo na kuzifua. Akipata shida ya kupumua, amwone daktari mara moja. Kuviondoa viota ni kazi ya mafundi wenye mavazi maalumu.

Nchini Ufaransa, majira ya baridi yaliyopungua ukali yamemwezesha nondo wa msonobari kusonga kaskazini hadi kulifikia eneo la Paris, na mwaka 2022 serikali iliwaorodhesha rasmi viwavi wa msonobari na wa mwaloni miongoni mwa viumbe wenye madhara kwa afya ya binadamu. Adui zao wapo, ingawa hawatoshi. Mmojawapo ni hudihudi, ambaye kwa mdomo wake mrefu huwafukua waliojificha ardhini.

Msomaji aliyeko nyumbani asiwachanganye viwavi hawa na viwavijeshi waharibuo mahindi. Hao ni jamii nyingine, hawajengi viota wala hawapangi foleni. Ndugu wa kweli wa hawa wa Ulaya katika Afrika Mashariki ni nondo wa jamii ya Anaphe, ambao viwavi wao pia huandamana, kisha husokota kwa pamoja kiota kimoja kikubwa cha hariri chenye vifukofuko vingi ndani. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe chenye makao yake Nairobi kimeshirikiana na wanavijiji kuvuna hariri hiyo ya porini. Viota huchemshwa ili gundi itoke, nyuzi husokotwa na kufumwa kitambaa cha rangi ya kahawia. Nao wavunaji huvishika kwa tahadhari, kwani vinywele viwashavyo vimo humo humo ndani ya hariri.